Mbunifu wa tovuti na majarida: asome karatasi, asome skrini, au aache?

Mwaka 2020 jarida la net la Uingereza, lililokuwa likichapishwa tangu 1994 na kusomwa na watengeneza tovuti wa nchi nyingi, lilifungwa. Hapa Dar es Salaam halikuacha matanga. Vijana wengi wanaoingia kwenye kazi hii leo hawajawahi kulishika, na ukiwauliza watakuambia bila kuzunguka kwamba majarida ni mambo ya wazee: ufundi uko YouTube, maelezo rasmi ni ya bure, na ukikwama usiku wa manane akili mnemba ipo macho. Wanaobishana nao ni kaka na dada zao wa kazini, wengi wakiwa wametokea kwenye matbaa na ofisi za matangazo kabla ya kuhamia kwenye tovuti. Hao wanasema kijana asiyesoma anabuni kwa kunakili tu. Muulize kwa nini kitufe kiko pale, atakuonyesha tovuti alikokitoa.

Mabishano haya huyakosi, iwe Kijitonyama au Posta, na kwa bahati mbaya huishia kwenye umri badala ya hoja.

Karatasi kwanza, maana hukumu yake ni nyepesi. Anayenunua jarida la kuchapishwa ili ajifunze mbinu za leo anatupa hela. Makala huandikwa majuma mengi kabla ya kufika mtamboni, kisha kuna kuchapa na kusafirisha, na sisi huku tuna foleni yetu ya kusubiri kwenye sanduku la posta. Wakati huohuo kivinjari cha Chrome, mwaka 2021, kilianza kutoa toleo jipya kila baada ya wiki nne. Machi 2017 vivinjari vya Firefox 52, Chrome 57 na Safari 10.1 vilianza kuielewa CSS Grid (njia ya kupanga ukurasa kwa gridi katika CSS, lugha ya kupanga mwonekano wa tovuti) ndani ya mwezi mmoja, na masomo ya kupanga kurasa kwa mbinu ya zamani ya float yaliyojaza majarida kwa zaidi ya muongo mzima yakawa historia. Flash, programu ya kuchezesha michoro na video kwenye tovuti, ndiyo iliyozika makala nyingi zaidi. Adobe iliacha kuihudumia 31 Desemba 2020, na jarida lolote la ubunifu la mwanzoni mwa miaka ya 2000 ukilikuta kwenye vitabu vya mitumba litakuwa na kurasa nzima za kukufundisha kitu ambacho hakuna kivinjari cha kawaida kinachokifungua tena. Isitoshe, msimbo uliochapwa kwenye karatasi haunakiliki. Utauandika upya alama kwa alama, na ukiruka mabano mamoja jioni yote imeisha.

Watetezi wa karatasi wa hapa kwetu wana hoja nyingine wanayoipenda sana: umeme na mtandao. Wanakumbusha 12 Mei 2024, nyaya za chini ya bahari za EASSy na SEACOM zilipopata hitilafu na intaneti ikazorota Tanzania na nchi jirani. Hoja ni tamu, ila ni nyembamba. Siku mtandao ukilala, mtengeneza tovuti hana kazi ya kufanya kwa vyovyote vile. Kwamba ana jarida mezani ni faraja tu. Tena makala ya mtandaoni huhifadhiwa kwenye simu kwa dakika moja na kusomwa kwenye daladala bila bando.

Faida ya karatasi ipo kwingine kabisa, kwenye jicho. Jarida kama Eye, linalotoka London tangu 1990, au Communication Arts la Marekani lililoanza 1959, halikufundishi kuandika mstari hata mmoja wa CSS. Linakukalisha mbele ya kurasa ambazo mtu ameamua kila nafasi tupu: kichwa cha habari kimeachiwa pumzi kiasi gani, safu ya maandishi ina upana gani kabla jicho halijachoka, picha imekatwa wapi. Mambo haya hayajabadilika kwa sababu ya toleo jipya la kivinjari. Angalia tovuti nyingi za kampuni zetu: picha tano zinazopokezana juu, maandishi yamebanwa, rangi zote za nembo zimemwagwa kwenye ukurasa mmoja. Aliyezitengeneza kwa kawaida anajua programu zake vizuri. Alichokosa ni kukaa na kurasa nzuri kwa muda mrefu wa kutosha hadi ile mbaya ianze kumkera. Skrini nayo ina kurasa nzuri, sikatai, lakini nani anakaa kwenye skrini? Kidole kinateleza tu.

Hata hivyo karatasi hiyohiyo ina ugonjwa wake, na waliotoka kwenye matbaa wanaambukizwa zaidi. Wakiona ukurasa uliopangwa vizuri wanataka tovuti itulie vilevile, kila kitu mahali pake, kwa vipimo vya milimita. Aprili 2000 mtengeneza tovuti John Allsopp aliandika kwenye jarida la mtandaoni la A List Apart kwamba wabunifu wameingia kwenye tovuti na mazoea ya karatasi, wanataka kutawala kila kipimo, wakati ukurasa wa tovuti kwa asili unanyumbuka na anayeusoma ana haki ya kuubadili. Mwaka huo simu yenye intaneti ilikuwa anasa. Miaka kumi baadaye, 25 Mei 2010, mbunifu wa tovuti Ethan Marcotte alimnukuu Allsopp kwenye jarida hilohilo na kuonyesha namna ya kulitimiza wazo lile kwa vitu vitatu: gridi inayonyumbuka, picha zinazonyumbuka, na masharti ya CSS yanayoangalia upana wa skrini. Karibu kila tovuti inayofunguka vizuri kwenye simu leo, ya benki hadi ya duka la vitenge Kariakoo, inafuata njia iliyochorwa kwenye makala ile.

Hapa ndipo hoja ya vijana inapochechemea. Nyaraka rasmi za vivinjari zingeweza kumweleza Marcotte masharti ya skrini yanaandikwaje. Zisingemwambia kwamba yakiungana na gridi na picha yanaondoa haja ya kutengeneza tovuti mbili, moja ya kompyuta na nyingine ya simu. Video nayo ni hodari sana wa kuonyesha hatua: bonyeza hapa, andika hivi. Lakini wazo linalohitaji kubishaniwa, kupimwa, kupingwa na mhariri na kuandikwa upya hadi linyooke, hilo limekuwa likipita kwenye makala. Ninaposema jarida, basi, nina maana ya kuwepo mtu anayeweza kumwambia mwandishi “hapa hujathibitisha”. Ukurasa wenye orodha ya templeti (tovuti zilizokwisha kupangwa, za kujaza tu) ishirini za bure hauna mtu huyo, hata ukijiita jarida.

Na kurasa za namna hiyo ni nyingi, tuseme ukweli. Upande wa mtandaoni una uchafu ambao karatasi haikuwahi kuwa nao: makala zilizolipiwa na kampuni bila kusema waziwazi, vichwa vya habari vya kuvutia mibonyezo, na kichekesho kuliko vyote, makala ya kukufundisha kupunguza uzito wa ukurasa iliyojaa matangazo yanayokula bando lako kabla hujafika aya ya pili. Tena upande huo haudumu kama tunavyodhani. CSS-Tricks, jarida la mtandaoni alilolianzisha Chris Coyier 2007 na ambalo mwongozo wake wa flexbox (njia nyingine ya CSS ya kupanga vitu kwenye mstari) umesomwa na nusu ya watengeneza tovuti ninaowafahamu, lilinunuliwa na kampuni ya DigitalOcean mwaka 2022; mwaka uliofuata kampuni ikapunguza watu na jarida likanyamaza kwa muda. Lilirudi, lakini wasomaji walishajua kwamba hazina ya miaka 15 inaweza kusimama kwa uamuzi wa kikao kimoja.

Smashing Magazine ya Ujerumani, iliyoanza 2006, ilipita njia tofauti. Mwaka 2017 ilibadili sura na kuweka uanachama wa kulipia ili isitegemee matangazo kama zamani, na kwa miaka mingi imekuwa ikiuza vitabu vya kuchapishwa na kuandaa mikutano. Yaani jarida la skrini linasaidiwa kuishi na karatasi. Wanaobishania kipi kitamuua mwenzake walitazame hilo.

Ipo lawama nyingine, na hii naichukulia kwa uzito zaidi kwa sababu inatuhusu sisi: majarida haya yote hayamjui mtumiaji wetu. Yanamwandikia mtu mwenye simu ya bei mbaya na mtandao wa nyumbani usiohesabika. Mtumiaji wetu yuko kwenye mwendokasi amesimama, ana Tecno ya memori ndogo na bando la siku, na video inayojicheza yenyewe kwenye ukurasa wa mwanzo inamkata kabla hajaona bei. Kwenye malipo tofauti ni kubwa zaidi. Makala za Ulaya zitakufundisha kupamba fomu ya kadi: namba, tarehe ya mwisho, tarakimu za nyuma. Mteja wa Dar analipa kwa M-Pesa au Airtel Money. Anaingiza namba ya simu, ombi linamfikia kwenye simu, anaweka namba ya siri. Fomu yake lazima ikubali namba iliyoanza na 0 na ile iliyoanza na 255, imweleze kwamba sasa aangalie simu yake, na imsubiri bila kumtia wasiwasi wa kubonyeza tena. Ile nusu dakika ya kusubiri, skrini imwonyeshe nini? Hapo ndipo wateja wanapopotea, na jibu lake hulipati kwenye jarida la London.

Ila lawama hii nayo tuigawe. Majarida haya, hasa ya mtandaoni, yamepiga kelele miaka mingi kuhusu kurasa nyepesi na kuhusu watu wasioona vizuri au wanaotumia vifaa duni. Google inashauri kitu kikubwa zaidi kwenye ukurasa kionekane ndani ya sekunde 2.5, na miongozo ya WCAG 2.2, ya kufanya tovuti zitumike na watu wenye ulemavu, ilitoka Oktoba 2023. Yote mawili yameelezwa humo kwa undani, pamoja na namna ya kuyafikia kwenye simu dhaifu. Ushauri huo unamfaa msichana wa Mbagala kuliko unavyomfaa mtu wa London. Sisi tunapita kwenye majarida tukichukua picha za tovuti zilizoshinda tuzo na kuziacha makala. Halafu tunasema hayatuhusu.

Kwa Kiswahili, ufundi huu umehamia zaidi kwenye video na makundi ya WhatsApp. Yanasaidia, ila jibu zuri la Jumatatu limeshazikwa na salamu na matangazo ya kazi ikifika Jumatano. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018, zilizokuja na ada ya leseni ya shilingi milioni moja, hazikumpa moyo aliyewaza kuanzisha kitu cha kudumu, ingawa baadaye zilirekebishwa. Suala la fomu ya malipo ya simu lingefaa sana kuandikwa na mtu wa hapa aliyeliona likifeli na akalitatua, mbele ya mhariri mkali.

Kwa ofisi ndogo ya watu watano au sita, mimi ningeacha kabisa usajili wa karatasi za kiufundi. Ningenunua toleo moja zuri la mwaka la kazi za ubunifu na kuliweka pale mteja anapokaa kusubiri, kwa sababu mteja anayesema “nataka kama ya fulani” anaelewana nawe haraka mkiwa mnaelekeza kidole kwenye ukurasa uliotulia. Fedha iliyobaki iende kwenye uanachama wa jarida moja la mtandaoni lenye wahariri, na saa moja ya Ijumaa ya kusoma makala moja pamoja na kuibishia.

Kijana anayejiajiri ana hesabu nyingine. Kama wateja wake wanamlipa kwa templeti ya WordPress (programu ya kutengenezea tovuti) iliyobadilishwa rangi na nembo, saa ya kusoma haimrudishii kitu mwezi huu, na anayemlaumu kwa kutosoma hamlipii kodi ya chumba. Mambo hubadilika siku mteja anapokuja na ombi ambalo templeti haina, tuseme duka litakalofunguliwa na maelfu ya watu kwa simu za bei nafuu usiku wa kuamkia Idi. Kazi hiyo atapewa aliyeanza kusoma mapema, na malipo yake hayafanani na ya templeti.