Niacheni na kilima changu cha lifti mbili

Mara ya kwanza nilipotaka kupanda lifti ya skii, yaani viti vinavyoning'inia kwenye waya na kuwapandisha mlimani wanaokuja kuteleza kwenye theluji, mzee aliyesimama pale chini alininyooshea kiganja nisubiri. Akachukua ufagio, akapangusa theluji kwenye kiti, akainamisha kichwa, ndipo akaniruhusu nikae. Nikajiona mgeni rasmi. Kiti kilipoanza kupaa nikageuka nyuma: anamfagilia kila mtu, hata watoto wa shule ambao asubuhi ile walikuwa wameshapanda mara kumi. Sisi Watanzania tunajua maana mbili za kufagiliwa. Pale nilizipata zote.

Ilikuwa kaskazini mwa mkoa wa Nagano, Japani, kwenye bonde linalopitiwa na reli ya Iiyama, treni ya dizeli ya behewa moja au mawili. Jina la kilima silitaji. Ni cha kijiji, kina lifti mbili na mgahawa mmoja, na hakuna aliyeniomba nikitangaze.

Kwa asiyeijua theluji ya kule, nieleze kidogo. Majira yale yale ambayo kaskazi inavuma pwani kwetu, upepo baridi hutoka Siberia, ukavuka Bahari ya Japani ambayo maji yake yana vuguvugu kuliko hewa. Unajibebea unyevu njiani, unagonga milima, unaumwaga wote kama theluji. Kwenye kituo cha Morimiyanohara, katika reli hiyohiyo, kuna nguzo inayoonyesha kina kilichopimwa tarehe 12 Februari 1945: mita 7.85. Nyumba ya ghorofa moja inazama humo, paa na yote. Basi wenyeji hawaihusudu theluji. Kwao ni kazi ya koleo alfajiri, na paa linalotakiwa kupakuliwa kabla halijaelemewa. Kilima cha skii ni mahali pekee ambapo adui huyo anageuzwa mchezo.

Sasa habari ya kuanguka. Nyumbani tukisema "huo mtelezo" tunamaanisha jambo jepesi. Aliyebuni msemo huo hakuwahi kuvaa buti za skii. Unatembea kama mtu aliyefungwa plasta miguu yote miwili, kisha unapigwa mbao mbili ndefu chini yake, kisha unaambiwa ushuke mlima. Nilianguka kabla sijaanza kushuka. Watoto wa shule waliokuwa darasani pale mlimani wakaanza kunipigia kelele: "Ha! Ha! Ha!" Nikasema moyoni, hawa nao hawana adabu. Kumbe walikuwa wananifundisha. Herufi yao ya "ha" ni mistari miwili inayokaribiana juu na kuachana chini, na mbao zikikaa hivyo, ncha za mbele zikikutana na visigino vikitanuka, mwendo unapungua. Wanaita *ha no ji*, umbo la herufi ha. Nilifika chini salama nikiwa nimekaa ha kama mwandiko wa darasa la kwanza.

Ni hao watoto walionifanya niandike. Katika vijiji vya theluji nyingi, skii ni kipindi cha michezo shuleni, kama sisi tulivyokimbizwa kuzunguka kiwanja cha vumbi. Kilima kidogo ndicho kiwanja chao. Tangu miaka ya 1990, skii ilipokuwa fasheni ya Japani nzima na kila bonde lilitaka lifti yake, wateja wamepungua sana, na vilima vingi vimefungwa. Ukipita barabarani utaona nguzo za lifti zikila kutu katikati ya vichaka. Wahasibu wanasema vilivyobaki vinakula fedha ya halmashauri. Huenda hesabu zao ni sahihi. Lakini nani amewahi kudai uwanja wa mpira wa shule ya msingi ulete faida?

Najua jibu lao, na si jibu la kijinga. Kijiji kimejaa wazee wasioweza kupanda paa na koleo. Kwa nini fedha isiwalipie vijana wa kuwapakulia theluji? Nimeliwaza sana. Ila mzee wangu wa ufagio naye ni mzee wa kijiji, na kazi yake wakati wa baridi ni ile lifti. Ukiifunga, umemrudisha nyumbani akakae na jiko la mafuta ya taa.

Marafiki zangu wananishangaa kwa nini siendi Niseko au Hakuba, kwenye vituo vikubwa vya skii vyenye majina. Nimefika Hakuba. Milima yake inatisha kwa uzuri, sikatai. Lakini tiketi ya siku kwenye milima mikubwa sasa inaweza kuvuka yeni 10,000, na nilipanga foleni nusu saa nisikie Kiingereza mbele na nyuma. Kwenye kilima changu nililipa yeni 2,500, spika za mlingotini zikinipigia muziki wa kizamani bure. Mchana unanunua tiketi ya chakula kwenye mashine, unampa mama wa jikoni, anakuletea wali na mchuzi wa kari wenye kipande cha nguruwe cha kukaanga juu. (Mimi huagiza bila nguruwe. Siku ya pili hakuniuliza tena.)

Mzee wa lifti aliniuliza natoka wapi. Nikasema Afrika Mashariki. Uso ukamwangaza: "Kenia! Boito!" Ilinichukua muda. Philip Boit, Mkenya, mkimbiaji aliyefundishwa skii ukubwani, alishiriki mbio za skii za kilomita 10 katika Olimpiki ya Nagano ya mwaka 1998, huko huko Hakuba. Alimaliza wa mwisho, dakika 20 nyuma ya bingwa, Bjørn Dæhlie wa Norwei. Dæhlie hakuondoka, alimsubiri mstarini akamkumbatia, na Boit baadaye akampa mwanawe jina hilo. Zaidi ya robo karne imepita, na mzee wa kijijini hamtaji mshindi, anamtaja wa mwisho.

Nikamwambia mimi si Mkenya, ni Mtanzania. Akafikiri kidogo.

"Jirani," akasema, akafagia kiti.

Februari narudi. Safari hii nimenunua glavu zangu mwenyewe, maana zile za kukodi zilikuwa zimelowa jasho la mtu mwingine.