Kabla ya Kumwita Mwalimu Mkaidi

"Mkuu, kwani huu ni mtaala wa ngapi?"

Aliniuliza hivyo Januari 2024, mtaala mpya wa Tanzania ulipoanza, mwalimu wa Darasa la Tatu katika shule ninayoiongoza, mama aliyekuwa amebakiza miaka mitatu kustaafu. Mkononi ameshika muhtasari mpya wa somo, umetoka kudurufiwa muda huohuo. Nilimjibu kwa maneno ya semina, na mpaka leo najuta.

Maana alikuwa na haki ya kuuliza. Mwaka 2005 aliambiwa mtaala sasa ni wa umahiri, mtoto atende, asikariri. Mwaka 2015 ukaja wa KKK, yaani Kusoma, Kuandika na Kuhesabu. Anachokumbuka yeye ni semina za siku chache, vitabu vilivyochelewa, na mitihani iliyoendelea kumtaka mtoto akumbuke tu. Aliyebaki na ubao na chaki hakupungukiwa na kitu. Matokeo yakitoka, yeye ndiye aliyepongezwa. Leo akisita tunamwita mkaidi. Wapo wanaokwepa kazi, na hao siwatetei. Wengi lakini wanasita kwa sababu wanakumbuka.

Na sisi walimu wakuu tunakosea pa kuanzia. Tunadai azimio la kazi na andalio la somo kwa muundo mpya, tunagonga mhuri, mdhibiti ubora, yaani mkaguzi wa shule, akija anakuta mafaili yamepangika. Darasani mambo ni yaleyale. Muhula mzima nilienda hivyo.

Muhula wa pili niliwaomba walimu waje wakae nyuma, wanione nikifundisha Sayansi Darasa la Tatu: kuchuja maji. Watoto 86. Chupa za plastiki zilizokatwa vitako, mchanga, kokoto, mkaa uliopondwa, vipande vya kanga. Niliwagawa makundi manane. Kengele ilipogonga, makundi mawili tu ndiyo yalikuwa na maji ya kueleweka. Mengine yalikuwa na uji mweusi, na sakafu nzima tope. Nilitoka nimelowa jasho mbele ya walimu wangu wote.

Mchana tulikaa kwenye jumuiya yetu ya ujifunzaji, ile ya MEWAKA (Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini), ambayo awali ilikuwa ya kusaini mahudhurio tu. Yule mama ndiye aliyeanza. "Mkuu, makundi manane peke yako huyawezi. Viongozi wa makundi wafundishe jana yake. Na mkaa uoshwe kwanza." Kisha akaomba vipindi viwili vya Sayansi viunganishwe. Ratiba nikamwachia yeye aipange. Wiki iliyofuata alifundisha mwenyewe, na nyuma nilikaa mimi.

Kwa hiyo mkuu anayelalamikia walimu wake namuuliza: mara ya mwisho umeshindwa lini mbele yao?

Watoto aliowapokea 2024 watamaliza shule ya msingi Darasa la Sita 2027, mwaka mmoja na wenzao wa Darasa la Saba wa mtaala wa zamani, na yeye anastaafu mwaka huohuo. Nimemwomba kila Alhamisi awe anakaa nyuma kwenye vipindi vya walimu wa ajira mpya. Amekubali, kwa sharti kwamba na mimi niwe nakaa.