Mtoto wa ndoa ya makabila mawili Mtwara: aende bweni kwa baba au abaki kwa wajomba?

Walimu na askari wanaopangiwa kazi Mtwara, na sasa wafanyakazi wa kiwanda cha saruji cha Dangote kilichoanza uzalishaji mwaka 2015, wengi wao hutoka mikoa mingine na wengine huoa hukuhuku. Ndoa hizo hazimshangazi mtu. Ugomvi huja mtoto anapofikia umri wa shule.

Kwa Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera, kwa asili ukoo hufuata mama. Mjomba ana neno kwa watoto wa dada yake: kwenye ugonjwa, kwenye posa, kwenye masomo. Baba aliyetoka Rombo au Tarime amekua akijua kwamba ukishatoa mahari, watoto ni wa kwenu. Kila upande unadai haki inayotambulika kwao.

Hoja ya baba kumpeleka mtoto bweni kwao si ya kubeza. Shule ya msingi ya serikali hufundisha kwa Kiswahili, kisha kidato cha kwanza karibu masomo yote yanageuka Kiingereza, na wengi huzama hapo. Aliyesoma mchepuo wa Kiingereza tangu mdogo ana nafuu kubwa. Tena baba anaogopa unyago. Wapo mabinti wanaochezwa wakiwa wadogo mno, wakirudi darasani wanajihesabu watu wazima, na watu wazima wengine nao wanaanza kuwatazama hivyo. Hofu hiyo ni ya kweli, nami naiunga mkono.

Lakini dawa yake si kumng'oa mtoto. Mila hizi zilishawahi kurekebishwa: Masasi, Askofu Vincent Lucas wa Anglikana alianzisha jando la Kikristo karne iliyopita, akaacha baadhi ya mambo na kubakiza mengine. Wazazi wa leo wanaweza kukaa na kungwi wakakubaliana kuhusu umri, mafundisho na kwamba shughuli yote iishie ndani ya likizo.

Mtoto mdogo akipelekwa Moshi, zaidi ya kilometa 1,000 kutoka Mtwara, anapoteza kitu ambacho Kiingereza hakikirudishi. Huko anaitwa Mmakonde. Akirudi likizo anaitwa mtoto wa watu wa kuja. Bibi yake akimsemesha Kimakonde, anamwangalia mama amtafsirie.

Sheria haimpi ushindi wa moja kwa moja yeyote kati yao. Wazazi wakitengana, Sheria ya Ndoa ya 1971 inaitaka mahakama itangulize maslahi ya mtoto, na inazingatia pia matakwa ya wazazi, ya mtoto mwenyewe na desturi za jamii zao. Chini ya miaka saba, dhana ni kwamba akae na mama, isipokuwa ithibitishwe vinginevyo. Baba anayeshikilia kwamba mahari imemaliza mjadala amekosea. Mjomba anayedai baba ni mpita njia tu naye amekosea.

Msimamo wangu: shule ya msingi mtoto asome anakoishi na wazazi wake, na likizo aende kwa babu yake wa upande wa baba, awajue shangazi na baba zake wadogo kwa sura na majina. Bweni lisubiri sekondari, naye aulizwe.

Kuna jambo moja shule zinaweza kulibadilisha kesho asubuhi. Wilayani Newala nilimwona mjomba, msimu wa korosho, amekuja na hela ya sare na mchango wa chakula cha mpwa wake. Pesa ilipokelewa mara moja. Alipouliza maendeleo ya mtoto, akaambiwa habari hizo ni za mzazi. Baba alikuwa amehamishiwa kikazi mkoa mwingine. Mjomba kama huyo aandikwe kwenye kumbukumbu za mwanafunzi, kwa ridhaa ya wazazi wote wawili, na namba yake ya simu iwepo. Mtoto akianza kutoroka shule, baba yuko safari ya siku mbili. Mjomba anafika kwa baiskeli.