Mau Mau, homugadi na ukurasa tunaouruka darasani

Mwanafunzi yeyote aliyesoma Historia na Serikali katika shule ya upili anaweza kukueleza kwa nini Nabongo Mumia wa Wanga alishirikiana na Waingereza. Anajua Lenana wa Wamaasai naye alishirikiana nao, na kwamba Koitalel arap Samoei wa Wanandi alikataa akauawa mwaka 1905. Tunayafundisha haya bila wasiwasi wowote. Tukifika mwaka 1952, serikali ya kikoloni ilipotangaza Hali ya Hatari dhidi ya uasi wa Mau Mau, sauti zetu zinashuka. Mwingereza tunamtaja, wapiganaji wa msituni tunawataja, lakini homugadi, yule Mwafrika aliyeshika bunduki ya serikali dhidi ya jirani yake, anapita kwa sentensi moja.

Katika vyumba vya walimu hapa Nairobi mjadala huu hauishi: tuwaeleze watoto habari hizo waziwazi, au tusichokonoe kidonda kilichokwisha kufunga?

Wanaosema tunyamaze si waoga, na hoja yao ina uzito. Baada ya uhuru, Jomo Kenyatta aliwahimiza watu wasahau yaliyopita. Waliokuwa wakiwindana walirudi kijiji kimoja, wakasali kanisa moja, wakaozeshana watoto. Hilo si jambo dogo. Tena mstari kati ya pande hizo mbili haukunyooka. Wapo waliolinda kambi ya serikali mchana na kupeleka chakula msituni usiku. Wapo waliojiunga kwa hofu, wapo waliotaka kuokoa mashamba yao, na wapo Wakristo waliokataa kiapo cha Mau Mau kwa imani tu, wakauawa bila kuwahi kushika silaha. Katika nyumba moja kaka alikuwa msituni, mdogo wake akiwa homugadi. Mpe kijana wa miaka kumi na saba habari hizo nusunusu, na kesho atamwita mwenzake mjukuu wa msaliti. Nchi hii ilipoteza zaidi ya watu 1,100 katika ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, na malalamiko ya zamani kuhusu ardhi yalikuwa sehemu ya kuni zilizowasha moto ule. Mwalimu anayeogopa ana sababu.

Hata hivyo, kimya hiki kina watu kinaowafaa, na hapo ndipo ninapoachana na wenzangu hao. Tarehe 24 Aprili 1954 askari waliizingira Nairobi katika Operesheni Anvil. Maelfu kwa maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru walikusanywa mitaani, wakapitishwa mbele ya watoa habari waliofunikwa vichwa kwa magunia. Kichwa kikitikisika, basi umeenda kambi ya kizuizini ya Manyani au Mackinnon Road. Mwaka huohuo ulianza Mpango wa Swynnerton, mpango wa serikali wa kilimo na umiliki wa ardhi, na mashamba ya Mlima Kenya yakaanza kuunganishwa na kupimwa upya. Aliyekuwa kizuizini hakuwa na wa kumsemea barazani. Aliyekuwa upande wa serikali alikuwepo, na mara nyingi alitoka na kipande kizuri. Waafrika walipopiga kura mwaka 1957, Mkikuyu, Mwembu au Mmeru alihitaji kwanza hati ya kuthibitisha uaminifu wake kwa serikali. Kwa hiyo uamuzi wa miaka ile ulizaa ardhi na sauti kwa wengine, na umaskini kwa wengine. Mtoto wa Mathare, mtaa wa mabanda hapa Nairobi, anayetaka kujua kwa nini babu yake hakuacha shamba hatajibiwa na sentensi ya kwamba sote tulipigania uhuru.

Serikali zenyewe zimekwenda polepole. Marufuku dhidi ya Mau Mau iliondolewa mwaka 2003. Sanamu ya Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wa Mau Mau, ilizinduliwa jijini Februari 2007, miaka hamsini tangu anyongwe. Mwaka 2013 Uingereza ilikubali kuwalipa wahanga 5,228. Yote mazuri, na yote yanatazama upande wa Mwingereza. Ukisimama chini ya sanamu ile huwezi kujua kwamba aliyempiga Kimathi risasi, Oktoba 1956, alikuwa askari Mkikuyu mwenzake.

Mumia tunampima kwa sababu hakuna hatimiliki inayotetereka tukimpima. Mimi naona homugadi apimwe kwa mizani ileile: aliogopa nini, alipata nini, alipoteza nini.

Kipimo changu ni Lari, huko Kiambu. Usiku wa tarehe 26 Machi 1953 nyumba za Luka wa Kahangara, aliyekuwa chifu, na za wafuasi wa serikali zilichomwa, na zaidi ya watu 70 wakauawa, wengi wao wanawake na watoto. Kisha homugadi na polisi wakalipiza kisasi kwa mauaji mengine makubwa. Serikali ya kikoloni ilitangaza mauaji ya kwanza kila mahali, ikanyamazia ya pili. Tukifundisha moja tu kati ya hayo, liwe lipi, tunaendeleza kazi yake.

Kuna jambo moja ambalo wenzangu wananishawishi kabisa: simtumi mwanafunzi akaulize nyumbani babu yake alikuwa upande gani. Siri hiyo ni ya familia, wala haihitajiki. Naanza na Tigoni, ardhi ambayo wenyeji waliondolewa ili ipewe walowezi, na nawauliza wanafunzi wangefanya nini wakiambiwa wahamie Lari. Luka alikubali. Wengine walikataa. Mabishano ya darasani yakianzia hapo, jina la ukoo wa mtu halitajwi.