Chang'aa ni halali, mama pima bado anajificha

Mwaka 2010 Kenya ilifuta sheria iliyopiga marufuku chang'aa, pombe kali ya kienyeji, tangu 1980. Sheria mpya, maarufu kama Sheria ya Mututho kwa jina la mbunge aliyeiwasilisha, iliruhusu upishi kwa leseni, na pombe iuzwe kwenye chupa ya glasi isiyopungua mililita 250. Familia zinazopika nyuma ya nyumba, pamoja na mama pima, mwanamke anayepika na kuuza chang'aa, zilifunguliwa mlango, lakini nyingi hazijaingia.

Utazame mtambo wao. Pipa la kangara, yaani mchanganyiko uliochachuka wa mahindi na sukari guru, liko motoni, ndani mna sufuria, juu karai la maji baridi. Mvuke hugonga tako la karai ukadondokea sufuriani tone kwa tone. Maji yakishika joto, mama huyabadilisha, na kazi hiyo humkesheza. Karo ya watoto imetoka humo. Chupa, lebo na leseni ni gharama ya kiwanda, si ya pipa moja.

Wanaotaka marufuku irudi wana makaburi ya kuonyesha. Novemba 2000, pombe yenye sumu iliua zaidi ya watu 100 Nairobi na kuwapofusha wengine. Lakini kilichoua ni methanoli, aina ya alkoholi yenye sumu, na kangara ya nafaka hutoa methanoli kidogo mno. Kinachoangamiza mtaa mzima kwa kawaida ni kemikali ya viwandani, iliyotiwa na mtu anayetaka pombe iwe nyingi na kali kwa gharama ndogo. Mtu huyo hufaidika na marufuku, maana chupa isiyo na jina haina wa kushtakiwa.

Hoja inayonisumbua zaidi ni nyingine: hata chang'aa safi huvunja nyumba. Baba anayeuza mahindi ya watoto ili anywe hasaidiwi na usafi wa pombe. Nakubali. Ila sheria hiyohiyo inataka baa zifunguliwe saa kumi na moja jioni siku za kazi, na mama pima asiye na leseni humuuzia baba huyo alfajiri. Asiyetambuliwa hana saa ya kufunga.

Mkulima wa ng'ombe mmoja hajengi kiwanda cha maziwa. Huyapeleka kwenye ushirika, yakapimwa na kuandikwa daftarini kwa jina lake. Wapishi wa chang'aa wapewe kituo cha namna hiyo: walete mitungi yao, ipimwe methanoli kwanza, kisha nguvu ya pombe, ndipo ijazwe chupani.