Tundu si pambo la sebule

Juzi nilikwenda kumjulia hali mzee mmoja wa mtaani kwetu, hapa Ngamiani, Tanga. Barazani nikakuta tundu limening'inizwa juu ya mlango. Ndani yake mlikuwa na kasuku wadogo wawili wa Australia, mmoja wa buluu na mwingine wa manjano, wamebanana kona moja kama watu waliokimbilia mvua chini ya upenu. Kila aliyeingia aliligonga tundu kwa kidole. Watoto waliwapigia miluzi. Juu ya bati la jirani kunguru wawili walikuwa wametua, kimya, wanatazama chini.

"Waone walivyo watulivu," mzee akaniambia, na uso wake ulijaa furaha. "Tangu nimewaleta hawajanipigia kelele hata siku moja."

Sikutaka kumkata furaha yake, lakini nisingeweza kunyamaza. "Babu," nikamwambia, "hawa hawajatulia. Hawa wanaogopa."

Akanitazama kama nimemtolea habari ya msiba. Basi tukakaa tukazungumza mpaka adhana ya alasiri, na mengi niliyomwambia ndiyo ninayoyaandika hapa, kwa sababu kosa lake nimelifanya mimi mwenyewe na nimelilipia.

Ndege huyu mdogo anaishi maisha yake yote akijua kwamba yeye ni chakula cha mwingine. Mwewe yuko juu, paka yuko chini, nyoka yuko kwenye tawi. Kitu kinachomkinga porini ni kundi lake na uwezo wa kuruka akaondoka. Tukimtia tunduni tumempokonya vyote viwili, kisha tunamtundika katikati ya njia, atazamwe na kila mtu kutoka pande zote nne. Akikosa pa kukimbilia hujikausha. Hali chakula, haimbi, hajinyooshi, hajichambui manyoya. Na sisi tunasema ametulia. Kwangu mimi hilo ndilo kosa kubwa kuliko yote: tunachagua mahali pa kuweka tundu kwa kumfikiria mgeni atakayeingia, wala si ndege atakayekaa humo usiku na mchana.

Ninafuga cherero. Ni ndege wa jamii ya kasuku, mfupi, mkia butu, ambaye wauzaji wengi humwita kwa jina lake la Kizungu, lovebird. Tanzania tunaye cherero wetu wa asili, yule wa kijani mwenye kichwa cha rangi ya chungwa na duara jeupe kuzunguka jicho, anayeishi nyanda za Serengeti na kusini mwa Ziwa Victoria. Miaka ya 1980 alinaswa kwa maelfu akapelekwa nje. Huyo simfugi na simshauri mtu amfuge, kwani ni mnyamapori, na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inataka kibali. Wangu ni wale wa uso wa waridi, asili yao Namibia na nchi za jirani zake, waliozaliwa tunduni kizazi baada ya kizazi.

Wa kwanza nilimwita Kito. Tundu lake lilikuwa sebuleni, karibu na mlango wa jikoni, kwa sababu pale ndipo wageni walipomwona vizuri. Asubuhi moja niliweka kikaango jikoni, kile chenye utando mweusi usiogandisha chakula, nikawasha gesi, kisha nikaitwa nje na muuza samaki. Tulibishana bei ya vibua. Nilichelewa labda dakika kumi. Niliporudi kikaango kilikuwa kitupu, kinawaka moto, na nyumba ina harufu kidogo tu, harufu ambayo siku nyingine nisingeijali. Kito alikuwa chini ya tundu, mdomo wazi, anahangaika kupumua. Kabla sijamtoa nje alikuwa amekwisha.

Nilijifunza baadaye kwamba utando ule ukipata joto la kupita kiasi, nyuzi 280 hivi na kuendelea, hutoa hewa ya sumu. Mtu huenda asihisi chochote, au apate homa ya siku moja. Ndege hufa. Kikaango kitupu juu ya moto mkali hufikia joto hilo kwa dakika chache tu.

Sababu iko kwenye kifua chake. Sisi hewa inaingia na kutoka kwa njia ile ile. Ndege hewa hupita mapafuni ikielekea upande mmoja, ikisukumwa na vifuko vya hewa vilivyotapakaa mwilini, ambavyo kwa kawaida ni tisa. Kwa hiyo huvuna hewa kuliko sisi, na ndiyo maana anaweza kuruka mbali bila kuishiwa pumzi. Lakini aliyejaliwa kuvuna hewa safi kwa wingi huvuna na sumu kwa wingi. Wachimbaji wa makaa ya mawe wa Uingereza walilijua hilo, wakawa wanashuka shimoni na vitundu vya ndege wa manjano wa jamii ya chiriku. Ndege akilegea, wao wanajua hewa imeharibika, wanakimbia. Desturi hiyo iliendelea mpaka miaka ya 1980.

Sasa nitasema jambo ambalo watu wa pwani wenzangu hawapendi kulisikia. Chetezo. Mimi napenda udi. Nimekulia katika nyumba ambayo Alhamisi jioni haipiti bila ubani, na siwezi kumwambia mtu aache. Ila moshi ni moshi kwa ndege, hata ukinukia vipi. Vivyo hivyo na dawa ya mbu ya kuchoma, ile ya mviringo, na ile ya kupuliza kwa kopo ni mbaya zaidi. Mama mkwe wangu alipokuja kukaa nasi tulivutana kidogo juu ya hili. "Mwanangu," akaniuliza, "nyumba ikae bila udi kwa ajili ya ndege?" Nikamwambia, "Hapana mama, nyumba ifukizwe, ndege ndiye atakayehama." Tangu siku hiyo yeye mwenyewe ndiye anayenikumbusha. Kabla kaa la chetezo halijashika huniita: "Mtoe mtoto wako." Tundu linakwenda chumba cha uani, dirisha wazi, mlango umefungwa, na halirudi mpaka sebule ipigwe hewa vya kutosha.

Baada ya Kito nilikaa zaidi ya mwaka bila ndege. Nilipomleta Zumaridi, nilianza kwa kutafuta pa kumweka kabla ya kumtafuta yeye.

Kona ndiyo nzuri. Kuta mbili nyuma yake, ili hatari, kama ipo, itoke upande mmoja tu anaouona. Tundu lisiwe sakafuni, kwa kuwa kila kinachomjia kutoka juu ni mwewe katika akili yake. Mimi nimeliweka juu ya meza imara, usawa wa kifua changu. Tundu la kuning'inia linayumba, na tawi linaloyumba usiku na mchana halimpi mtu usingizi. Upande mmoja nimefunika kwa kanga kuukuu, upate kuwa mahali pa kujificha. Mara nyingi hajifichi. Lakini anajua pako, nami naona tofauti: anakula watu wakiwemo, anaoga kwenye kibakuli wageni wakitazama, anasaga mdomo wake jioni kabla ya kulala, kile kisauti cha kukwaruza ambacho wafugaji hukifurahia kwani ndiyo dalili ya ndege aliyeridhika.

Jua la asubuhi anahitaji, jua la saa saba hapana. Miezi ya kaskazi hapa Tanga joto hukaba, na ndege hatoki jasho. Ukimwona ametanua mabawa mbali na mwili na kuhema mdomo wazi, mpeleke kivulini na umnyunyizie maji kidogo.

Baraza, kwangu, ni marufuku bila mtu. Kunguru hawa wenye shingo ya kijivu si wenyeji wetu. Waliletwa Zanzibar kutoka Bara Hindi mwishoni mwa karne ya 19, wakidhaniwa watasaidia kula taka, na leo wameenea pwani yote. Mwaka 2024 Kenya ilitangaza mpango wa kuangamiza milioni moja ya kunguru hawa. Ni werevu na hawana huruma. Kunguru mmoja humshtua ndege kutoka upande huu, akikimbilia upande wa pili mwenzake anamngoja, anamvuta mguu kupitia waya. Ndicho nilichomwonyesha mzee pale kwenye bati la jirani. Hakuwa amewatilia maanani.

Usiku una mambo yake. Cherero haoni vizuri gizani. Akishtushwa na paka dirishani, au panya anayefuata chembe za uwele zilizomwagika, huruka bila kuona, anajipigiza kwenye waya mpaka anavunja bawa. Kwetu kuna na hili la umeme. Unakatika jioni watu wanalala taa zimeachwa zimewashwa, saa nane usiku unarudi ghafla, taa zote zinawaka na televisheni inapiga kelele. Mara ya kwanza Zumaridi alipopatwa na hilo nilimkuta chini, damu kwenye manyoya ya bawa. Siku hizi swichi zinazimwa kabla ya kulala, na ninaacha kitaa kidogo cha sola, chenye mwanga hafifu, mbali kidogo na tundu, ili akishtuka aone kitagaa chake kiko wapi. Analala kwa muda wa saa kumi na moja au kumi na mbili hivi, kama usiku wa huku kwetu ulivyo. Hiyo maana yake sebule inayokesha na mpira wa Ulaya haimfai. Nilimhamisha, kwa kuwa mpira sikuweza kuuhamisha.

Kuhusu tundu lenyewe, wengi wetu tunatengenezewa na fundi, na si vibaya. Mwambie upana wake uzidi kimo chake, kwani ndege huruka kwenda mbele, harukii juu kama helikopta. Nafasi kati ya waya na waya isizidi sentimita moja na nusu kwa ndege wa kimo hiki, kichwa kisije kikapenya kikanasa. Waya mpya uliopakwa zinki una hatari yake, kwa sababu kasuku wote hupanda kwa mdomo na hutafuna wanachokishika, na zinki inayobanduka huwaua polepole. Mimi nilisugua waya wote kwa brashi na siki, nikausuuza, nikauanika juani siku kadhaa. Kimlango cha kupandisha juu hawa hukifungua wenyewe, kitie kibanio.

Na vijiti vya kukalia visiwe vile vya plastiki, vilaini, vyote unene mmoja. Mguu wake unahitaji kubadilisha mshiko. Tawi la mpera, likioshwa vizuri, halina mfano.

Lakini kilichombadilisha Zumaridi kuliko vyote ni ukindu. Shangazi yangu anasuka mikeka, na siku moja alisahau fungu la ukindu juu ya tundu. Zumaridi akavuta mmoja, akaupitisha mdomoni, akauchana mstari mwembamba ulionyooka kama umekatwa kwa wembe, kisha akageuza shingo akauchomeka kwenye manyoya ya kiunoni. Akachana mwingine. Shangazi alicheka mpaka akakaa chini. "Huyu naye ni msusi!" Hivyo ndivyo cherero wa uso wa waridi abebavyo vitu vya kujengea kiota, na yule wa kwetu wa Serengeti hubeba mdomoni. Mtafiti mmoja wa Marekani, William Dilger, aliwahi kuwazalisha pamoja, na machotara wao walijaribu kuchomeka, vikawa vinawaanguka, wakachukua miaka kujifunza kubeba kwa mdomo. Kazi ile iko kwenye damu. Ndege aliyenyimwa kazi hiyo hugeukia manyoya yake mwenyewe akayang'oa, nasi tunadhani ni ugonjwa wa ngozi. Sasa kila wiki anapata ukindu mbichi, kipande cha kumbi la nazi, na mfupa wa dome tunaouokota ufukweni kwa ajili ya chokaa.

Chakula nitakigusa tu: uwele na mtama ndio msingi, mchicha na matembele kila siku, karoti, hindi bichi. Parachichi asionjeshwe kabisa, ni sumu kwake, na nyumba nyingi hazijui. Na ukimwona mchana ametutumua manyoya, mkia unacheza kila anapovuta pumzi, usingoje kesho. Ndege huficha ugonjwa mpaka nguvu za kuuficha zimwishie.

Mzee alinisikiliza yote hayo huku akiwatazama wale wawili. Mwishowe akamwita mjukuu wake, wakalishusha tundu wote wawili, polepole, wakaliingiza ndani na kuliweka kwenye kona nyuma ya kabati la vyombo. Bibi alileta kanga.

Jana jioni akanipigia simu. "Mjukuu wangu, hawa tangu asubuhi hawanyamazi. Yule wa buluu anaimba, mwenzake anamjibu. Hivi ni sawa?"

Nikamwambia ni sawa, babu, na kesho nitawaletea tawi la mpera.