Mpimaji mpya msimpe jedwali kwanza

Wapimaji wengi wa programu huanza kazi kwa namna ile ile. Siku ya kwanza wanakabidhiwa jedwali refu la hatua: bonyeza hapa, jaza jina, subiri ujumbe fulani, weka alama ya vema. Baada ya miezi kadhaa mkuu wao anaanza kulalamika kwamba hawagundui kitu. Watagundua vipi, na walichofundishwa ni kuhakiki yale tu ambayo mwenzao alikwishayafikiria?

Ningekuwa na uamuzi, anayejifunza angeanza na hitilafu za zamani. Kila timu ina rundo la ripoti zilizokwisha kufungwa, na hakuna anayezifungua tena. Asome hata thelathini, na kwa kila moja ajiulize: hii ilitupitaje? Ataona kwamba hitilafu zina makazi yake. Fomu inapokea umri wa miaka 18 hadi 60. Mgeni wa kazi anajaribu 30, inakubali, anaendelea. Aliyesoma zile ripoti anakwenda moja kwa moja kwenye 17, 18, 60 na 61, kwa sababu ameona mara ngapi mtu ameandika "zaidi ya" pale palipotakiwa "kuanzia". Atajaribu tarehe 29 Februari. Atabonyeza kitufe cha kulipa mara mbili, kama afanyavyo mteja yeyote mtandao unapokuwa mzito.

Na asome pia zile kubwa za dunia. Tarehe 4 Juni 1996 roketi ya Ulaya ya Ariane 5 iliruka kwa mara ya kwanza, na sekunde 40 hivi baadaye ikasambaratika angani. Sehemu ya programu ya kuongoza mwelekeo ilirithiwa kutoka Ariane 4, ambako ilifanya kazi bila tatizo. Lakini roketi mpya iliongeza kasi ya kwenda upande haraka zaidi, na namba ya biti 64 (biti ni tarakimu moja ya kompyuta, 0 au 1) ikashindwa kuingia kwenye nafasi ya biti 16, na kifaa cha kuongoza mwelekeo kikazimika. Kifaa cha akiba nacho kilikuwa na programu ile ile, kikazimika kwa sababu ile ile. Kinachoniuma zaidi ni kwamba hesabu hiyo haikuwa na kazi yoyote tena baada ya Ariane 5 kuondoka ardhini. Kabla ya safari, programu ile haikuwa imejaribiwa kwa mwenendo halisi wa roketi mpya.

Kila ninapokutana na sentensi "hiyo sehemu hatujaigusa", nakumbuka roketi ile.

Kuandika ripoti nako kunafundishwa juu juu mno. "Ukurasa haufunguki" si ripoti. Nilifanya nini, kwa mpangilio gani, nilitarajia nini, nikaona nini, kwenye toleo lipi: mtengenezaji akiweza kuirudia hitilafu mezani kwake, nusu ya kazi imekwisha.

Halafu mwanafunzi huyu aingie kwenye vikao vya mwanzo, wakati mahitaji ya programu bado yako kwenye karatasi. Wengi hupinga, wanasema hana la kuchangia. Mimi nilikaa kimya kwenye kikao changu cha kwanza hadi karibu na mwisho, nikauliza mteja akifuta akaunti akiwa na malipo yanayosubiri, fedha zinakwenda wapi. Tulirudi kwenye mchoro, na kikao kikaongezwa saa nzima.